Kubuni mfumo wa kushikilia paa katika mgodi wa makaa ya mawe: kanuni mbili zimenipa majibu mawili

Iyunga_MwakaWaNne aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni na poleni na majukumu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa migodi hapa Mbeya. Mradi wangu wa kuhitimu unahusu namna ya kushikilia paa katika njia kuu ya mgodi wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi. Mgodi wenyewe upo kwenye karatasi tu, lakini mwalimu wangu ametaka mazingira yake yafanane na ya miamba ya Karoo (matabaka ya kale yenye makaa) ya huku kwetu, yaani ukanda wa Songwe na Kiwira, ambako mgodi wa chini ya ardhi ulijengwa kwa msaada wa Uchina katika miaka ya 1980.

Takwimu nilizopewa ni hizi. Njia ina upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.8, na iko mita 120 chini ya uso wa ardhi. Paa la karibu ni mwamba wa tope wenye matabaka membamba, kila moja likiwa na unene wa sentimita 10 hivi, nao unaendelea hadi mita 2.2 juu ya njia. Juu yake kuna mwamba wa mchanga ulio imara wenye unene wa mita 3. Uzito wa mwamba ni tani 2.5 kwa mita ya ujazo, na kiwango cha ubora wa mwamba kwa mfumo wa RMR, unaoupa mwamba alama hadi 100, ni 45.

Kwa kanuni ya Unal ya mwaka 1983, kimo cha mwamba unaoweza kulegea ni mita 2.75, na mzigo wake ni karibu tani 6.9 kwa kila mita ya mraba. Kwa kanuni ya CMRI, taasisi ya utafiti wa migodi ya India, mzigo ni tani 5.5. Nimechagua bolti (vyuma vinavyofungwa ndani ya matundu yaliyochorongwa kwenye paa) za nondo ya milimita 22 zenye urefu wa mita 1.8, nikakadiria kwamba kila moja inabeba tani 15, na nimeziweka nne kwa kila mstari, mistari ikiachana kwa mita 1.2. Hapo uwezo ni tani 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo uwiano wa usalama, yaani uwezo ukigawanywa kwa mzigo, ni 1.45 kwa kanuni ya kwanza na 1.8 kwa kanuni ya pili. Mwalimu anataka usipungue 1.5.

Naomba mwongozo wenu. Je, nichukue jibu lipi kati ya hayo mawili? Je, niongeze bolti ya tano ili kumaliza ubishi? Na je, ninaweza kutetea matumizi ya nguzo za miti kutoka Mufindi badala ya chuma, kwa kuwa miti iko jirani na bei yake ni nafuu?

Mhandisi_Uyole alijibu:

Dada, umeuliza vizuri na umeweka takwimu zote mezani, jambo ambalo wengi hulisahau. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika migodi ya makaa ya eneo la Witbank, Afrika Kusini, ambako miamba nayo ni ya Karoo, kwa hiyo nitajaribu kukujibu kwa kirefu kidogo.

Kanuni zako mbili hazipingani. Kila moja inajibu swali moja tu: kwa mwamba wa ubora huu na njia ya upana huu, mawe ya uzito gani yanatazamiwa kulegea? Majibu yametofautiana kwa sababu kila kanuni ilitokana na migodi ya mahali pake, na tofauti ya tani 5.5 na 6.9 si kubwa ukizingatia kwamba RMR yenyewe ni makadirio. Chukua ile kubwa zaidi na uendelee. Wasiwasi wangu ni kwamba kanuni zote mbili zimeyeyusha matabaka yako yote ndani ya namba moja, 45, ilhali jibu lako limejificha katika mpangilio wa matabaka hayo. Hakuna kanuni hata moja kati ya hizo inayojua kwamba mwamba wako wa mchanga unaanzia mita 2.2.

Chora safu ya mwamba kwenye karatasi, kisha chora bolti yako ya mita 1.8 ndani yake. Itaishia ndani ya mwamba wa tope. Haigusi mwamba wa mchanga kabisa. Kama tope lote la mita 2.2 litaachana na mchanga ulio juu yake, bolti zako zitashuka pamoja nalo, ziwe nne au ziwe kumi. Hesabu yako ya tani 10 kwa mita ya mraba ni hesabu ya kuning'iniza, yaani mwamba dhaifu unaning'inizwa kwenye mwamba imara, na hesabu hiyo haina maana pale ambapo bolti haijafika kwenye mwamba wa kuning'inizia. Bolti ya tano itapandisha namba katika jedwali lako, lakini paa litabaki vilevile.

Usikimbilie bolti ya mita 2.4 pia. Ukitoa sentimita 10 za mkia unaobaki nje kwa ajili ya sahani na nati, zinabaki mita 2.3 ndani ya tundu, kwa hiyo sentimita 10 tu ndizo zimeingia kwenye mchanga. Tuseme jaribio la kuvuta limeonyesha kwamba gundi ya resini inashika tani 30 kwa kila mita ya mwamba huo. Sentimita 10 zitashika tani 3, hata kama chuma chenyewe kinabeba tani 15. Bolti nne ni tani 12 kwa mita za mraba 6, yaani tani 2 kwa mita ya mraba, nawe una tope la tani 5.5 (mita 2.2 mara 2.5, kulingana kwake na jibu la CMRI ni bahati tu). Ili chuma kitumike kikamilifu unahitaji nusu mita ndani ya mchanga, yaani bolti ya mita 2.8. Njia yako ina kimo cha mita 2.8, na mashine ya kuchoronga inachukua sehemu ya kimo hicho, kwa hiyo nondo iliyonyooka ya urefu huo haiwezi kusimamishwa humo.

Basi kuna njia mbili, na kwa maoni yangu utazihitaji zote.

Ya kwanza ni kuacha kuning'iniza na badala yake kuyafunga matabaka ya tope yawe boriti moja. Kwa boriti iliyoshikwa pande zote mbili na inayobeba uzito wake yenyewe, mkazo mkubwa ni uzito wa mwamba mara upana kwa kipeo cha pili, gawanya kwa unene mara mbili. Tabaka moja la sentimita 10 likiachwa peke yake juu ya upana wa mita 5 linapata mkazo wa karibu megapaskali 3.1, na miamba mingi ya tope haistahimili kuvutwa kiasi hicho. Matabaka hayohayo yakifungwa hadi unene wa mita 1.8, mkazo unashuka hadi 0.17. Hiyo ndiyo kazi halisi ya bolti zako za mita 1.8. Lakini ili ifanyike, bolti lazima zifungwe mapema, mara tu njia inapochimbwa, kwa resini ya urefu mzima wa tundu na kwa kukazwa kwa nguvu, kabla matabaka hayajaanza kuteleza juu ya mengine. Tundu nalo lisiwe pana mno. Kwa nondo ya milimita 22, tundu la milimita 27 au 28 linatosha, kwa sababu likizidi hapo resini haichanganyiki vizuri na mshiko unapotea.

Ya pili ni kebo za chuma, ambazo zinapindika na hivyo zinaingia hata katika njia fupi. Kebo moja ya milimita 15.2 hukatika kwenye tani 26 hivi. Ukiweka mbili za mita 4 katika kila mstari wa mita 1.2, unapata karibu tani 8.7 kwa mita ya mraba zilizotiwa nanga ndani kabisa ya mchanga, na ukilinganisha na uzito halisi wa tope lililo chini ya mchanga, tani 5.5, badala ya 6.9 ya kanuni isiyoujua mchanga huo, uwiano wako ni karibu 1.6. Hapo unaweza kusimama mbele ya mwalimu bila hofu.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama upana wa mita 5 ni wa lazima. Mkazo katika boriti unafuata kipeo cha pili cha upana, na kupinda kunafuata kipeo cha nne. Ukipunguza njia hadi mita 4.5, mkazo unapungua kwa asilimia 19, na kupinda kunapungua kwa zaidi ya theluthi moja, bila kununua bolti hata moja. Wabunifu wengi huanza na chuma na kuusahau upana, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa.

Jambo la mwisho kwa leo ni makutano, ambayo hukuyataja. Pale njia mbili za mita 5 zinapokutana, umbali wa kona hadi kona ni mita 7.1, nao huongezeka kadiri kona za makaa zinavyomomonyoka. Utafiti wa NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, ulionyesha kwamba, kwa kulinganisha urefu uleule wa njia, paa huanguka kwenye makutano mara nane hadi kumi zaidi kuliko mahali pengine. Ubunifu ulioishia kwenye njia iliyonyooka haujakamilika.

Mzee_wa_Ilima alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi si mhandisi. Nilikuwa msimamizi wa zamu katika makaa ya huku kusini kwa muda mrefu, na nitagusia suala la miti peke yake kwa sababu nimeifanyia kazi.

Mwanangu, mti una sifa moja ambayo chuma hakina: unasema. Mkaratusi au msindano ukianza kulemewa hulia, nyuzi zake hupasuka mmoja mmoja, na watu hupata muda wa kutoka. Ndiyo maana wachimbaji wa zamani waliupenda. Hata hivyo, mti unangoja. Unasimama chini ya paa na hauanzi kubeba mpaka paa lishuke na kuukalia, hata kama umeukaza kwa kabari vizuri namna gani. Kwa mwamba wa matabaka membamba kama huo wako, paa likishashuka kiasi hicho matabaka yamekwisha kuachana, na boriti aliyoieleza mhandisi haipo tena. Pili, njia yako ni njia kuu. Mkanda wa kubebea makaa, mabehewa na watu hupita humo miaka mingi, na nguzo katikati ya njia hugongwa. Nguzo iliyogongwa usiku ikaanguka bila mtu kuirudisha ni hatari kuliko kutokuwa na nguzo, kwa kuwa wote wanaamini ipo. Tatu ni kuoza. Hewa ya mgodini ni ya joto na ya unyevu, na kuvu hula mti mbichi ambao haukutiwa dawa haraka kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi ukianzia ndani huku gome likionekana zima.

Tumia miti mahali pa muda: kwenye uso wa uchimbaji huku mkisubiri bolti, au magogo yaliyopangwa kwa kupishana kama msingi wa ghala pale ambapo paa limeonyesha dalili mbaya na mnataka kulizuia kabla ya kulitengeneza. Nguzo nyembamba ya mita 2.8 usiihesabu kwa nguvu ya kusagika, maana itapinda katikati kabla haijasagika. Na juu ya kila nguzo weka kofia ya ubao, ili mzigo usiichome kwenye tope kama sindano.

Neno moja zaidi. Katika mradi wako andika ni nani anayegonga paa kwa mtaimbo mwanzo wa kila zamu, na ana mamlaka gani ya kuwazuia watu wasiingie. Mwamba mzima hulia kama chuma, na ulioachana hutoa sauti nzito ya ngoma, na ukiweka vidole juu yake huku ukigonga utausikia unatetemeka.

Miamba_Tukuyu alijibu:

Nachangia kwa upande wa jiolojia, kwa kuwa naona sote tumelichukua tope la mita 2.2 kana kwamba lina unene huo mgodi mzima. Miamba hii iliwekwa na mito, maziwa na vinamasi. Mwamba wa mchanga mara nyingi ni mkondo wa mto wa kale, na mkondo hujikunja, huchimba tabaka lililo chini yake na kuhama. Katika tundu moja la uchorongaji mchanga unaweza kuwa mita 2.2 juu ya makaa, na hatua mia moja mbele ukawa mita 4, au ukawa umelala moja kwa moja juu ya makaa. Kando za mkondo huwa na nyuso laini zinazong'aa kutokana na kukandamizwa, na hapo paa huachia bila onyo. Kwa hiyo kebo ya mita 4 inafaa pale tu ambapo umehakikisha mchanga uko wapi. Ninapendekeza mradi wako uwe na ramani ya unene wa tope juu ya makaa, na kanuni kwamba kila baada ya umbali fulani, na katika kila makutano, tundu moja la majaribio litachorongwa hadi mita 5 au 6 na kuchunguliwa kwa kamera ndogo. Bei ya tundu hilo ni ndogo mno ukilinganisha na kinachoweza kutokea.

La pili ni maji. Wilaya za Rungwe na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na feni ya mgodi huvuta hewa hiyohiyo yenye unyevu. Hewa ya joto ikikutana na mwamba ulio baridi hutoa umande, na mwamba wa tope wenye madini ya udongo hunywa, huvimba na kumeguka vipande vipande. Utaona paa linanyonyoka kati ya bolti na bolti, sahani zinabaki zikining'inia bila kugusa mwamba, na bolti iliyokuwa imekazwa inakuwa imelegea hata kama resini ni nzima. Kwa njia kuu itakayodumu miaka mingi, wavu wa chuma kati ya bolti ni wa lazima kwa maoni yangu, na mahali pa tope laini kabisa utandaze na saruji ya kurushia mapema, kabla ya masika ya kwanza. Mwombe mwalimu akuruhusu kufanya jaribio dogo: tumbukiza kipande cha sampuli kwenye maji, kikaushe, kisha kitumbukize tena, na uone kinabaki na nini. Matokeo yatakusaidia kuliko kurasa nyingi za nadharia.

La tatu ni mipasuko. Tuko kwenye bonde la ufa, na ardhi hapa imevutwa na kukatwa. Vitabu vingi vya Uingereza, Australia na Marekani vinazungumzia migodi ambamo mkazo wa mlalo unazidi ule wa wima, na vinashauri njia kuu zichimbwe zikielekea upande mmoja na mkazo huo mkubwa ili paa lisisagwe. Huku kwetu usiunakili ushauri huo bila kupima. Katika ardhi inayovutwa, shida inaweza kuwa kinyume: mkazo wa mlalo ni mdogo, nyufa za wima zinabaki wazi, na jiwe linateleza kati ya nyufa mbili kwa kukosa cha kulibana. Ile boriti ya Mhandisi inadai miisho iliyoshikwa na mwamba usiokatika katikati, na ufa mmoja wa wima unaokwenda sambamba na njia unaivunja. Pima mwelekeo wa nyufa, kisha ielekeze njia izikate kwa pembe, isiende nazo.

Iyunga_MwakaWaNne alijibu:

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru sana Mhandisi na Miamba. Nimefanya kazi upya usiku kucha. Njia sasa ina upana wa mita 4.5. Bolti ni tano za mita 1.8 kwa kila mstari, zimejazwa resini urefu wote, nazo nimeziandika kama za kujenga boriti na si za kuning'iniza. Kuna kebo mbili za mita 4 katika kila mstari wa mita 1.2, na katika makutano nimeongeza kebo na kuzifanya ndefu zaidi, zikifungwa kabla ya njia ya pili kuchimbwa. Wavu unatandazwa kote. Miti nimeibakiza kwenye uso wa uchimbaji na kwa dharura.

Swali langu lililobaki ni hili: mwalimu ataniuliza nitajuaje kwamba mfumo huu unafanya kazi, kwa kuwa kama mzee alivyosema, chuma hakilii.

Mhandisi_Uyole alijibu:

Umefika mahali pazuri. Kuziweka kebo kwenye makutano kabla ya kuyafungua ni jambo ambalo hata migodi mikubwa hulizembea, na nimefurahi sana kuliona.

Kuhusu swali lako, kuna vipimo vya aina mbili. Cha kwanza hupima mshiko. Unafunga bolti kwa resini ya urefu mfupi tu, milimita 300 kwa kawaida, kisha unaivuta kwa jeki mpaka iachie. Ukifunga urefu wote, chuma kitakatika kabla ya resini kuachia na hutajua lolote kuhusu mwamba. Fanya jaribio hili katika tope na katika mchanga, tena kila mwamba unapobadilika, kwa kuwa ile tani 30 kwa mita niliyoitumia ilikuwa ya mfano tu na haipaswi kuingia katika mradi wako kama ukweli.

Cha pili hupima mwendo wa paa, nacho ndicho kinachochukua nafasi ya kilio cha mti. Nchini Uingereza, bolti zilienea katika migodi ya makaa mwishoni mwa miaka ya 1980. Tarehe 18 Agosti 1993 paa la njia iliyoshikwa kwa bolti liliporomoka katika mgodi wa Bilsthorpe na kuua watu watatu, na baada ya hapo usimamizi wa bolti ulikazwa sana, vipimo vya paa vikiwa sehemu yake. Kipimo chenyewe ni rahisi: tundu moja lenye nanga mbili, kila nanga ikiwa na waya na kiashiria chenye rangi kinachoning'inia chini ya paa. Nanga ya chini unaiweka karibu na kilele cha bolti, ndani kidogo, tuseme mita 1.5 kwa bolti zako. Nanga ya juu unaiweka ndani ya mchanga, kwenye mita 5. Paa likishuka, nanga iliyo juu ya mwendo hubaki mahali pake, na kiashiria chake huonekana kikipanda na kufichika ndani ya tundu. Kiashiria cha kwanza kikifichika, matabaka yanaachana ndani ya boriti yako, na tiba yake ni bolti zaidi au kuzifunga mapema zaidi. Cha pili kikifichika peke yake, boriti ni nzima lakini inashuka yote kwa pamoja, na tiba yake ni kebo. Kwa hiyo vipimo hivyo havikuambii tu kwamba kuna hatari. Vinakuambia ni dhana ipi kati ya zile mbili za ubunifu wako imeshindwa.

Weka kimoja katikati ya kila makutano na vingine kila baada ya umbali uliopangwa katika njia, vyote kwenye uso wa uchimbaji siku ileile ya kuchimba, kwa sababu sehemu kubwa ya mwendo hutokea mwanzoni, na kipimo kilichochelewa kitasoma sifuri huku paa limekwisha kushuka. Migodi mingi ya Uingereza ilitumia milimita 25 kama kiwango cha kuchukua hatua, lakini wewe usiichukue hivihivi. Katika miezi ya kwanza andika masomo yote, uone paa tulivu la mgodi wako husogea kiasi gani, kisha upange viwango vyako. Kila kiwango kiwe na kitendo chake kilichoandikwa: cha kwanza, kusoma kila zamu, cha pili, kuongeza kebo ndani ya saa 24, cha tatu, kufunga njia na kuwatoa watu. Na yule anayegonga paa kwa mtaimbo, ambaye Mzee amemtaja, mkabidhi yeye kazi ya kusoma viashiria na mamlaka ya kufunga njia bila kusubiri kibali cha ofisini. Jedwali hilo liweke kwenye mwili wa mradi, kando ya mchoro wa bolti, usilipeleke kwenye viambatisho.